Wito Usio na Sahani

Sahani zilikuwa pale pale zilipoachwa na walaji. Mpelelezi Orrin Haskett ndiye aliyeufunga mgahawa wa Burkhalter jana mchana, mara tu maiti ilipoondolewa, na tangu hapo ufunguo haukutoka mfukoni mwake. Asubuhi hii alisimama mbele ya kaunta ndefu, kofia mkononi, akipita kutoka kiti hadi kiti kama mwalimu anayekagua madawati.

Sherifu Gaines alibaki mlangoni. Harufu ya mafuta yaliyoganda haikumpendeza.

"Unatafuta nini kwenye makombo, Orrin? Mtu si tunaye?"

"Mtu tunaye," Haskett alijibu taratibu. "Kama ndiye, bado sijajua."

"Wewe hata mvua ikikunyeshea utasema hujajua. Haya, nisikilize. Delmar Pruitt kaanguka ngazi za ghala la chini, kisogo kimepasuka. Aliyekutwa amesimama juu ya ngazi ni nani? Ezra, mpishi, na koleo la barafu mkononi. Tena yule mgeni, muuza mbegu, kamsikia Ezra kwa masikio yake mawili akisema 'wamekufa maji'. Yuko tayari kuapa."

"Hayo yalikuwa mayai."

"Nini?"

"Njoo uone." Haskett alionyesha sahani ya tatu. Juu ya vipande viwili vya mkate uliochomwa yalikaa mayai mawili meupe, yamenywea kwa baridi. "Delmar pale kaunta alimwitia mpishi agizo kwa mafumbo yao, 'Adamu na Hawa juu ya chelezo, wazamishe!' Ni mayai mawili ya kuchemsha bila maganda, juu ya mkate. Mpishi akijibu 'wamekufa maji', ujue mayai yameiva."

Sherifu aliyatazama mayai, akamtazama Haskett, kisha akacheka mpaka tumbo likatikisika. Kicheko kilipokwisha alisogea karibu na kushusha sauti.

"Sawa, mayai. Lakini umewaona wale waliokusanyika kwa kinyozi, mkabala na kituo? Jana walikuwa wachache. Leo wamejaza benchi na wengine wamekaa chini. Delmar alipendwa na mji mzima, na Ezra ni mtu mweusi aliyekutwa na chuma mkononi. Kesho asubuhi lazima nimpeleke jela kuu, na barabara yenyewe inapita msituni. Siipendi barabara ile, Orrin."

"Basi nipe leo."

"Leo ni yako. Zaidi ya leo sina."

Haskett aliendelea na sahani zake. Jana walaji wote walihojiwa kabla hawajatawanyika, kila mmoja alikaa wapi na aliagiza nini, kwa hiyo kila sahani ilikuwa na mwenyewe. Mbavu za nguruwe zilikuwa za fundi wa injini za reli. Delmar alikuwa ameziita "Mama wa kwanza", kwa sababu mama wa kwanza duniani alitoka ubavuni. Soseji nene iliyolala juu ya viazi vya kuponda ilikuwa ya karani wa posta, na wito wake "Meli ya angani ndani ya ukungu". Vikombe viwili vyenye mashapo meusi ya kahawa vilikuwa "matope". Haskett alikuwa mteja wa hapa kwa miaka tisa. Alikula, akacheka pamoja na wenzake, akaenda zake. Ni leo tu, midomo ile ikiwa imenyamaza, alipotambua kwamba pale kaunta kulikuwa na mtu aliyegeuza chakula cha mchana kuwa maonyesho, wala hakumtoza mtu kiingilio. Watu walimwita Delmar Tarumbeta. Mafundi wa karakana upande wa pili wa reli waliacha migahawa miwili njiani ili waje kumsikia.

Aliingia jikoni. Kati ya jiko na mlango wa ghala palikuwa na ujia mwembamba wenye rafu ya makopo. Juu ya rafu hiyo, kando kabisa ya mlango, palikuwa na glasi ya mtindi. Ilikuwa imenywewa funda moja tu, na alama nyeupe ya mdomo ilikuwa imekauka ukingoni.

"Hii ya nani?" aliuliza.

"Mimi nitajuaje? Ya Ezra, labda. Ya Delmar."

Haskett aliinama kuikagua. Katika walaji wote waliohojiwa, hakuna aliyetaja mtindi. Aliifunika glasi kwa kitambaa safi na kuiacha ilipokuwa.

*

Mwalimu Adelia Winslade alifundisha piano katika nyumba iliyonukia nta ya samani, na kila mchana alikula kwenye kiti cha mwisho pale mgahawani. Sherifu alimhoji jana kwa muda wa kunywa maji, akaandika kwamba hakuona kitu. Ni kweli hakuona. Alikuwa ameupa mgongo ujia wa jikoni.

"Orrin Haskett!" alisema alipofungua mlango. "Umekuja kumalizia masomo yako? Nakukumbusha, vidole vyako vilikuwa vya kukamulia ng'ombe."

"Bado ni vile vile, mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya masikio yako."

"Kaa, mwanangu. Si hapo, kiti hicho kina mguu mbovu."

"Jana mchana Delmar aliita vyakula gani, na kwa mpangilio upi? Unakumbuka?"

Mwalimu Winslade aliinuka. Alikaa mbele ya piano, akanyoosha mgongo, akabonyeza vitufe vitatu vilivyopanda kama mtu anayeruka ngazi.

"Adamu na Hawa. Kila siku ilipanda hivi. Na Shemasi anajibu huku chini, hivi." Mkono wa kushoto ukatoa sauti nzito. Shemasi lilikuwa jina la kaunta la Ezra Tolliver. Delmar alimpa kwa sababu alikuwa akiomba dua juu ya kila sufuria kabla hajaifunua. "Huyu anaita, yule anaitikia, kama kanisani kwao Shemasi. Watu wanadhani nilikuwa naifuata supu. Supu yao maji ya kunawia! Nilikuwa nafuata wale wawili. Nimefundisha miaka mingi, Orrin, na sijapata wanafunzi wawili wanaosikilizana vile."

Aliipiga miito yote mmoja mmoja, na Haskett, aliyefumba macho, aliiweka juu ya sahani alizoziona asubuhi. Mayai. Mbavu. Soseji. Halafu matope mawili, ambayo hayakuhitaji jibu, kwani kahawa alimimina Delmar mwenyewe.

"Baada ya hapo nikasikia mlango wa nyuma ukifungwa. Kisha kikapita kitambo kidogo, ukafunguliwa tena. Ndipo akaita wa mwisho. Kumi na tatu."

Haskett alifumbua macho. "Kumi na tatu nini?"

"Kumi na tatu tu. Tena hakuupandisha. Aliushusha, hivi, kama mtu anayesema na mwenzake aliye karibu. Nikawa nangoja jibu la Shemasi, unajua tena, desturi ya kazi. Ukisikia wito unangoja mwitikio. Halikuja. Delmar akaenda nyuma. Baadaye kishindo. Mungu anisamehe, nilidhani ni gunia la viazi."

"Uliwahi kumsikia akiita kumi na tatu siku nyingine?"

"Mara nyingi, lakini si kila siku."

"Na maana yake?"

"Sijui, wala sikutaka kujua. Ukishajua maana ya kila neno, wimbo unageuka kuwa orodha ya vyakula."

Haskett alimshukuru, akatoka akitembea polepole kando ya ua wake wa mawaridi. Alikuwa na wito mmoja usio na sahani, na glasi moja isiyo na mwenyewe. Ukiviweka pamoja vinakaa kama kifuniko na chungu chake: kumi na tatu ni mtindi. Mtu fulani aliagiza mtindi, Delmar akampelekea. Lakini Haskett hakuwa na tabia ya kuamini jambo linalomjia likiwa limeshapikwa na kupakuliwa. Alivuka barabara, akapita mbele ya duka la kinyozi bila kuharakisha, akasikia mazungumzo yakikatika alipokaribia na kuanza tena alipopita.

*

Ezra Tolliver alijaza kitanda cha mahabusu kama unga uliozidi bakuli. Walikuwa wamemnyang'anya aproni na mkanda. Haskett alivuta kigoda, akakaa mbele ya nondo.

"Habari za humu, Bwana Tolliver?"

"Uji wao, Bwana Haskett. Kama kuna kitu cha kushtakiwa katika jengo hili, ni uji wao."

"Nina maswali ya kaunta. Nikikupa wito, unipe chakula."

Mpishi alimtazama kwa muda, kama anayepima kama hii ni dhihaka. Kisha akajiegemeza ukutani. "Ita."

"Mwana wa Nuhu."

"Paja la nguruwe la moshi. Nuhu alikuwa na mwana aitwaye Hamu, na kwa wazungu jina lake na jina la nyama ile ni neno moja."

"Ng'ombe bakulini."

"Mchuzi wa nyama. Huo hata mtoto anaujua. Niulize vigumu."

"Choma mmoja, mpitishe bustanini."

"Nyama ya kusaga ndani ya mkate, na majani ya saladi. Ukimchomeka waridi, umemwongezea kitunguu." Sasa mpishi alikuwa anatabasamu. "Delmar alikuwa anaweza kuita meza nzima kwa pumzi moja, na kati ya pumzi hiyo hiyo akamtania mtu kuhusu viatu vyake. Mimi nimefanya kazi Memphis, nimefanya Saint Louis. Sijaona mdomo kama ule."

"Haya maneno yalitungwa na nani?"

"Ah! Sasa umeuliza. Memphis nilifundishwa na mzee mmoja aliyehudumu mezani tangu baba yangu hajaota meno. Yeye alisema sisi wahudumu weusi ndio tulioanza. Wengi hatukupewa kalamu, na tungepewa tusingejua kuitumia, kwa hiyo agizo ilibidi likae kichwani, na kichwa hushika kinachochekesha. Saint Louis nikamkuta Mjerumani mmoja, anaapa kwa roho ya mama yake kwamba ni maneno ya mabaharia. Mwingine akasema ni ya wanajeshi. Mimi moyoni nipo na mzee wangu, lakini sigombani na mtu. Kila mji unaongeza lake. Delmar peke yake katunga mengi, na mengine yalizaliwa usiku na kufika asubuhi yamekufa, maana hayakuchekesha."

"Kumi na tatu," Haskett alisema.

Tolliver alijitoa ukutani. "Nani kakwambia kumi na tatu?"

"Ni mtindi?"

Kicheko kilimtoka mpishi ghafla, kikubwa, mpaka mlinzi akachungulia. Alijifuta macho kwa kiganja.

"Mtindi! Na wewe umeingia mtegoni? Hapana, Bwana Haskett. Kumi na tatu ni bosi. Bosi kaingia: acheni porojo, zima sigara, shika kitambaa ujifanye unafuta kitu. Nimeikuta kila kaunta niliyofanya kazi. Unaiita kama unavyoita chakula, mteja hajui, bosi naye hajui."

"Na mtindi umetoka wapi?"

"Umetoka kwenye mdomo wa Delmar, kama kila kitu. Ndiyo kwanza tulikuwa tumeanza kazi hapa. Bosi Burkhalter anaingia kwa mlango wa nyuma, Delmar anaita kumi na tatu. Bosi anasimama. 'Kumi na tatu ni nini?' Mimi huku jikoni nimekufa ganzi. Delmar hata hakumeza mate. 'Mtindi wako, bwana! Nimekuagizia, najua unapenda vitu vya afya.' Mtindi wenyewe hatuna! Nikaruka ua, nikaomba kwa jirani. Bosi akanywa. Uso ulimkunjamana kama soksi, lakini akasema, 'Mzuri sana.' Atasemaje, mbele ya wateja? Kuanzia siku hiyo tunaweka mtungi wa mtindi kwa ajili ya mtu mmoja. Miaka tisa anakunywa uongo wetu na kujipangusa midomo."

Haskett naye alicheka, kwa sauti yake ndogo. Kisha akauliza kwa upole ule ule, "Jana uliusikia huo wito?"

"Jana? Jana bosi alikuwa Evansville kwa shemeji yake. Na mimi nilikuwa nimetoka kuchukua barafu. Nyumba ya barafu mlinzi alikuwa kaenda kula, nikajikatia mwenyewe. Ndiyo maana sina wa kunitetea."

"Delmar aliita kumi na tatu baada ya wewe kutoka. Kuna aliyemsikia."

Uso wa mpishi ulibadilika polepole, kicheko kikiondoka sehemu kwa sehemu, mdomo kwanza, macho mwisho.

"Alikuwa ananionya," alisema. "Na mimi sikumwitikia."

"Kulikuwa na jambo la kukuonya?"

Tolliver aliitazama mikono yake. "Tulikuwa tumepata chumba karibu na karakana. Kaunta yetu wenyewe. Yeye mbele, mimi jikoni, na majina yote mawili juu ya mlango. Alisema atamwambia bosi yeye mwenyewe, maana mimi nikimwambia itakuwa vita. Alikuwa anangoja amkute peke yake."

Haskett aliinuka. Alikuwa na jawabu, na jawabu hilo halikuwa na thamani hata ya kipande cha mkate. Mwendesha mashtaka angesema mshtakiwa kaitunga namba hii humu humu mahabusu, akiwa na muda wa kutosha. Shemeji wa Evansville alikwisha kupigiwa simu jana, na alisema vile vile alivyosema Burkhalter, neno kwa neno, jambo ambalo lenyewe halikumpendeza Haskett. Maana ya kumi na tatu kutoka kinywani mwa Tolliver ingeyeyuka kama barafu yake. Ilibidi Burkhalter aitoe mwenyewe.

"Bwana Tolliver, nani mwingine anajua kwamba kumi na tatu si mtindi?"

"Mimi na Delmar tu. Sasa mimi na wewe."

"Vizuri," Haskett alisema. "Usimfundishe mtu mwingine kwa leo."

*

Clyde Burkhalter alikuja mgahawani alasiri, suti safi, utepe mweusi mkononi. Sherifu alikuwa amekaa dirishani kwa ombi la Haskett, na alikuwa ameahidi kufunga mdomo, ahadi iliyompa taabu kubwa.

"Pole kwa msiba," Haskett alisema.

"Delmar alikuwa kama mwanangu. Na kufikiri kwamba nilimpa yule mtu jiko langu!" Burkhalter alitikisa kichwa. "Nikusaidie nini?"

"Miito ya jana. Ninayo yote, lakini siwezi kumtegemea mshtakiwa anitafsirie. Nikasema, nimwendee mwenye nyumba."

"Umefika penyewe. Lugha hii, bila kujisifu, mimi ndiye niliyeileta mji huu. Wale walikuwa wanapiga kelele tu, mimi nikawanyoosha."

"Kumbe!" Sherifu alisema, kisha akakumbuka ahadi yake.

"Adamu na Hawa juu ya chelezo?"

"Mayai juu ya mkate."

"Matope?"

"Kahawa. Haya ni ya chekechea."

"Mama wa kwanza?"

Burkhalter aligusa kidevu. "Mama wa kwanza… pai ya tufaha. Si Hawa alikula tufaha?"

Haskett aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu anayeongezewa elimu. Kwenye kaunta, karibu na kiwiko cha Burkhalter, mbavu za fundi wa injini zilikuwa bado zimelala kwenye sahani yake. Sherifu alizitazama mbavu, akakohoa.

"Halafu kuna huu wa kumi na tatu. Huu umenishinda."

Burkhalter alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Huo ni wangu! Mtindi."

"Mtindi? Na nani mwingine anaunywa hapa?"

"Mji huu? Hawana tumbo la kuustahimili. Wanataka kahawa na pai. Mtungi ule ni wangu peke yangu."

"Kwa hiyo mteja hawezi kuagiza kumi na tatu."

"Haijawahi kutokea. Mimi tu."

"Unaagiza vipi, unamwambia Delmar?"

"Siagizi. Ndiyo heshima niliyowafundisha. Mguu wangu ukikanyaga kizingiti cha nyuma tu, Delmar anaita kumi na tatu, na sijavua kofia glasi iko mkononi mwangu. Miaka tisa, hata mara moja hakusahau."

"Na akiita kumi na tatu ukiwa haupo?"

"Amwitie nani? Ukisikia kumi na tatu, ujue Burkhalter kaingia."

Dirishani, kiti cha sherifu kililia. Haskett alikwenda ujiani, akarudi na glasi, akaiweka juu ya kaunta na kuondoa kitambaa. Mtindi ulikuwa umejitenga, maji juu, mabonge chini.

"Jana mchana Delmar aliita kumi na tatu," alisema. "Mwalimu Winslade alimsikia. Glasi hii nimeikuta kwenye rafu, kando ya mlango wa ghala."

Burkhalter aliitazama glasi. Aliisukuma mbali kwa kidole.

"Alijimiminia mwenyewe."

"Umeniambia wewe peke yako."

"Nilikuwa Evansville. Muulize shemeji yangu."

"Nimemuuliza, akanijibu vizuri. Lakini shemeji yako hakuwa na habari ya kumi na tatu. Na wewe pia huna, Bwana Burkhalter. Si mtindi. Haijawahi kuwa mtindi. Kila kaunta kuanzia hapa hadi Memphis, kumi na tatu maana yake bosi yuko ndani, jiangalieni. Mtindi ulizaliwa siku uliyouliza."

Nje gari-moshi la mizigo lilikuwa likipita, na vikombe vya matope vilitetemeka katika visahani vyake mpaka behewa la mwisho lilipopita.

"Miaka yote?" Burkhalter aliuliza.

"Miaka yote."

"Walikuwa wananicheka."

"Walikuwa wanakuogopa. Kucheka ndiyo dawa waliyokuwa nayo."

Wekundu ulikuwa umempanda Burkhalter shingoni. Alipozungumza tena, alizungumza na glasi.

"Jana pia aliniletea, anatabasamu. Nikanywa, nikaweka rafuni. Ndipo ananiambia wanaondoka, yeye na Ezra. Karakana, majina mlangoni. Nikamwambia watu wanakuja hapa kwa jina langu. Akasema, 'Wanakuja kusikia, bwana, na wewe huna unachoita.' Hivyo hivyo, kwa upole. Nikamsukuma. Kwa kiganja tu, kifuani. Mlango wa ghala ulikuwa wazi nyuma yake."

"Ukatoka kwa mlango wa nyuma."

"Nilimsikia Ezra anakuja na barafu yake, anaimba. Nikakaa nyuma ya mapipa mpaka akaingia."

Sherifu alikuwa ameshasimama. "Na tangu jana unawaona wale watu kwa kinyozi," alisema. "Umepita mbele yao mara mbili, mimi nimekuona. Hukusema kitu."

Sherifu alimshika Burkhalter mkono, si kwa nguvu, wakatoka.

*

Jua lilikuwa bado juu Haskett alipomfungulia Tolliver. Alimweleza yote hapo hapo, wamesimama, na mpishi alisikiliza bila kumkatiza. Alipofika kwenye maneno ya mwisho ya Delmar, Tolliver aligeukia ukuta. Haskett alimngoja.

"Sherifu anashauri upite nyuma," alisema baadaye. "Wale bado wako kwa kinyozi, na habari haijawafikia wote."

Tolliver alikuwa anafunga mkanda wake. "Niliingizwa kwa mlango wa mbele, mji mzima unatazama. Wataniona nikitoka kwa huo huo."

"Basi tutatoka wawili."

Walitoka. Benchi la kinyozi lilinyamaza. Waliokaa chini waliinuka, wakajikuta hawajui mikono waiweke wapi. Tolliver alitembea katikati ya njia kwa hatua zake za kawaida, na Haskett upande wake wa kulia, kati yake na wao. Walikuwa wameshapita nusu, mtu mmoja alipopaza sauti, kwa uchangamfu wa mtu anayetaka jana isahauliwe leo leo.

"Shemasi! Kumbe wamekuachia, bwana! Haya, kesho tunakula nini?"

Tolliver alisimama. Hakugeuka mwili mzima, kichwa tu. Kisha akaita, na haikuwa sauti ya chini ya kuitikia kutoka jikoni. Ilipanda, ikafika mpaka ng'ambo ya reli.

"Themanini na sita!"

Wale watu walitazamana. Mmoja alicheka, kama anavyocheka mtu asiyetaka aonekane hakuelewa. Mwingine akamuuliza jirani yake, jirani akainua mabega. Walikuwa bado wanaulizana wakati Haskett na Tolliver walipokata kona ya duka la mbegu.

"Hiyo ya mwisho siijui," Haskett alisema.

"Themanini na sita? Ina maana mbili. Ya kwanza ni kwamba chakula kimekwisha, hakuna tena. Ya pili ni kwamba kipo, ila mteja huyu hahudumiwi."

Haskett alitembea hatua chache akiifikiria. "Na hii uliyowapa wao ni ipi?"

Ezra Tolliver alikunja mikono ya shati lake, mmoja, kisha wa pili, kama mtu anayejiandaa kwa kazi.

"Waache wapeleleze," alisema.